Toyotama-hime si jini wala nguva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme yangu juu ya makala iliyotoka Jumapili iliyopita katika safu yenu ya hadithi za mataifa, ile iliyohusu mungu wa kike wa bahari katika masimulizi ya kale ya Wajapani. Safu hiyo naipenda, na wajukuu zangu hapa Kirumba, Mwanza, wanaipenda kunizidi, maana kila Jumapili jioni huwasomea kwa sauti huku dagaa wakiwa jikoni. Kwa hiyo msinione kuwa natafuta ugomvi. Hadithi hii niliijua kabla ya kuisoma kwenu, na nilipofika mwisho wa makala niliona kwamba imetufikia ikiwa na mapengo, tena mapengo yenyewe yako mahali penye utamu. Mjukuu wangu wa darasa la sita ndiye aliyeniumbua. Aliuliza: "Bibi, kama mume alishajua tangu mwanzo kwamba mke wake ni nguva, pale mlangoni alipomchungulia akizaa alishtuka nini?" Makala haikunipa la kumjibu, ikabidi niweke gazeti chini nianze upya kwa mdomo.

Kwanza jina. Makala ilimwita mara "jini wa bahari", mara "nguva", na jina lake halisi halikuandikwa hata mara moja. Anaitwa Toyotama-hime. Toyo ina maana ya wingi na neema, tama ni kito, na hime ni neno la heshima kwa binti wa ukoo mkubwa. Ni binti wa Watatsumi, mungu wa bahari, na habari zake zimo katika Kojiki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 712, na katika Nihon Shoki, kilichofuata mwaka 720. Ndani ya vitabu hivyo hatumkuti kiumbe wa kutisha mabaharia. Tunamkuta bibi mzaa baba wa Jimmu, ambaye Wajapani wanamhesabu katika masimulizi yao kuwa mfalme mkuu wa kwanza wa nchi yao, na ukoo wa kifalme wa Japani kwa jadi umejitaja kuwa unatoka kwake.

Nadhani najua kilichomkwaza mwandishi wenu. Nimefundisha Kiswahili miaka 34, na kalamu yangu nayo husita ninapotakiwa kuandika "mungu" kwa herufi ndogo kisha nimtilie "wa kike" nyuma yake. Lakini jini kwa Mswahili ana mahali pake palipokwisha kujulikana: ana ubani wake, ana ngoma yake, ana mganga wake, hupanda kichwani mwa mtu na hushushwa. Msomaji akiliona neno hilo hafiki mwisho wa sentensi kabla hajampeleka Toyotama-hime kwa mganga. Nguva naye ni mnyama wa kweli wa pwani yetu, anayenyonyesha mtoto wake, na katika hadithi za mabaharia ni mwanamke mwenye mkia wa samaki. Toyotama-hime hana mkia. Kwa miaka yote mitatu aliyoishi na mumewe katika jumba la baba yake chini ya bahari alikuwa na umbo la mtu, mzuri wa sura, na mumewe hakuwa na sababu ya kumdhania jingine. Hilo ndilo jibu la mjukuu wangu. Alishtuka kwa kuwa hakujua.

Sehemu ya ndoano mliisimulia vizuri, nami sitairudia yote. Nitasema neno moja tu juu ya kaka mkubwa, Hoderi, ambaye makala ilimhukumu kuwa mchoyo. Hoderi alikuwa mvuvi na mdogo wake, Hoori, ambaye ndiye mume wa hadithi yetu, alikuwa mwindaji. Walibadilishana zana kwa siku moja, na mdogo akaipoteza baharini ndoano ya kaka yake. Akavunja upanga wake akafua ndoano 500, zikakataliwa. Akafua 1,000, nazo zikakataliwa. Kaka anataka ileile. Mtu aliyekaa mwaloni akawaona wavuvi wa sangara wakitenganisha ndoano zao usiku chini ya taa hawezi kuharakisha kumcheka Hoderi, kwa sababu kila mmoja ana ndoano anayoiamini na hatakwambia kwa nini. Katika Kijapani cha kale jambo hilo limo ndani ya neno lenyewe: sachi, neno lililomo katika majina mengine ya ndugu hao wawili, ni mavuno ya baharini au ya porini, na pia ni bahati inayoyaleta pamoja na chombo kinachoyapata. Kaka alikuwa akidai bahati yake, na bahati haifuliwi kwa upanga.

Hoori akaenda kuitafuta, akafika kwa Watatsumi, akamwoa Toyotama-hime, akakaa miaka mitatu, hata siku moja akavuta pumzi ndefu usiku na mkewe akaisikia. Samaki wote wakaitwa, wakubwa na wadogo, na ndoano ikapatikana katika koo la samaki mwekundu wa jamii ya changu, ambaye kwa siku nyingi alikuwa akilalamika kwamba hawezi kula. Hapo baba mkwe akamkabidhi Hoori vito viwili, ambavyo makala yenu iliviita "vito vya mafuriko". Hili ni kosa dogo, ila linanichoma kwa sababu Kiswahili ndicho lugha ya mwisho iliyopaswa kulifanya. Kimoja ni kito cha maji kujaa na cha pili ni kito cha maji kupwa. Najua kwetu ziwani jambo hilo halionekani. Mimi mwenyewe nilizaliwa kando ya maji haya, na nilipopelekwa Tanga kusomea ualimu mwaka 1974 niliona asubuhi ngalawa zimelala ubavu kwenye matope, jioni zinaelea, nikamuuliza mwenzangu ni nani aliyezisukuma. Alinicheka muhula mzima. Mwaka 2020 ziwa letu lilipopanda likaingia katika nyumba za watu, halikurudi baada ya saa sita, lilikaa miezi. Maji ya Watatsumi ni ya namna nyingine: yanajaa yakimfika kaka shingoni, anaomba radhi, yanapwa, wala hakuna anayekufa.

Sasa nije kwenye kibanda, kwa kuwa hapa ndipo makala ilipokimbia kama mtu aliyekosea nyumba.

Hoori alikwisha kurudi nchi kavu Toyotama-hime alipomfuata akiwa mjamzito, akamwambia kwamba haifai mtoto wa ukoo wa mbinguni azaliwe baharini. Wakaanza kumjengea kibanda cha kuzalia ufukweni, na paa lake likaezekwa kwa manyoya ya mnandi badala ya nyasi. Makala ilisema "manyoya ya ndege". Ndege gani? Mnandi tunaye sisi. Mtu akipita barabara ya Kamanga asubuhi akatupa macho kwenye yale mawe maarufu ya Bismarck, atawaona wamesimama juu ya jiwe, weusi wenye vifua vyeupe, wamekunjua mabawa yakauke, na jiwe chini yao limepakwa chokaa na vinyesi vyao. Huzama, huibuka na samaki, humgeuza kichwa kitangulie, humeza. Japani wako wavuvi ambao hadi leo huvua kwa kutumia minandi waliofungwa kamba shingoni ili wasimeze samaki wakubwa, na mto Nagara katika mkoa wa Gifu unajulikana sana kwa uvuvi huo wa usiku, wenye moto uliotundikwa mbele ya mtumbwi. Wapo wanaoeleza kwamba manyoya ya ndege huyu yalichaguliwa kwa sababu mnandi humeza na kutapika bila taabu, kwa hiyo mzazi naye ajifungue bila taabu. Maelezo hayo huenda yalikuja baadaye, lakini mama yangu, aliyekuwa mkunga wa jadi, angeyaelewa papo hapo.

Paa halikumalizika. Uchungu ulimkamata Toyotama-hime wakati mafundi wako juu, akaingia ndani ya kibanda kilicho wazi upande mmoja, na jambo hilo likawa jina la mtoto. Aliitwa Ugayafukiaezu, nami nakusihi, Mhariri, usiliogope kwa urefu wake, kwa maana likikatwa vipande linasomeka: u ni mnandi, gaya ni nyasi za kuezekea, na fukiaezu ni kuezeka pasipo kumaliza. Mtoto anaitwa Paa la Mnandi Halikuisha. Hakuna msomaji wa Mwanza atakayeliona jambo hili kuwa la ajabu. Pacha kwetu ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Masika. Aliyezaliwa nyumba ikiwa na matatizo ni Mashaka, naye hulibeba jina hilo hadi kwenye kitambulisho cha taifa. Mwandishi wenu aliandika kwamba mtoto alipewa "jina la kifalme". Lilikuwa jina la fundi aliyechelewa.

Kabla ya kuingia, Toyotama-hime alimwambia mumewe maneno ambayo kwangu ndiyo moyo wa hadithi nzima, na makala iliyafupisha kuwa "usinitazame". Alisema kwamba kila mtu wa nchi ya mbali, ifikapo saa ya kuzaa, hurudia umbo la kwao, na kwa hiyo yeye naye atazaa katika umbo lake la asili. Ndipo akamwomba asimtazame. Haikuwa amri ya mchawi. Ni mgeni anayemweleza mwenyeji wake kwamba kuna saa moja katika maisha ambayo ugeni haujifichi. Mwanamke yeyote aliyeolewa mbali na kwao analijua hili: miaka yote unazungumza lugha ya wakwe, na siku ya uchungu unamwita mama yako kwa lugha ya kwenu. Mimi niliita kwa Kisukuma, mbele ya manesi ambao hawakuelewa hata neno moja.

Hoori alichungulia. Kojiki inasema alimwona mkewe amekuwa yahiro wani, akitambaa na kujinyonganyonga. Makala iliandika "mnyama wa kutisha wa baharini", na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo.

Hiro ni kipimo cha mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kiswahili kinacho kipimo hichohicho na kinakiita pima. Nenda mwaloni leo ukamtazame mzee anayepima kamba ya nyavu: ananyoosha mikono, anavuta, ananyoosha tena, midomo inahesabu. Ya ni nane, japo katika Kijapani cha kale nane mara nyingi husimama mahali pa "wengi" au "kubwa sana". Basi yahiro wani ni wani wa pima nane, na msomaji wetu hahitaji maelezo mengine. Hata wani wa pima moja yumo katika hadithi, na makala ilimwacha njiani. Watatsumi alipotaka kumrudisha mkwewe kwao aliwaita wani wote, akauliza kila mmoja atatumia siku ngapi, nao wakajibu kila mmoja kwa kadiri ya urefu wake, hadi yule wa pima moja aliposema siku moja inamtosha. Alimfikisha kwa siku hiyohiyo, na Hoori akamzawadia kisu chake.

Na wani ni nani? Katika Kijapani cha leo neno hilo ni mamba, na Mwingereza Basil Hall Chamberlain alipoifasiri Kojiki kwa Kiingereza mwaka 1882 aliandika mamba. Lakini Japani haina mamba wa porini, na katika vijiji vya milimani kaskazini mwa mkoa wa Hiroshima watu bado huita wani nyama ya papa, ambayo zamani ilipandishwa huko kutoka baharini kwa sababu haiozi upesi kama ya samaki wengine. Kwa hiyo wataalamu wengi wanaona kwamba wani wa Kojiki ni papa. Nihon Shoki, iliyoandikwa miaka 8 tu baadaye, katika matini yake kuu inasema alikuwa joka. Hata wenyewe hawakukubaliana, na ni heri gazeti lingesema hivyo kuliko kutupa "mnyama wa kutisha" ambaye hayumo katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Mwandishi wa Osaka akisimulia habari za Masala Kulangwa, shujaa wa hadithi zetu za Kisukuma, kisha akaliita zimwi Shing'weng'we "mnyama mkubwa wa msituni", nani kati yetu atanyamaza?

Mimi ningeandika wani, kisha sentensi moja ya maelezo. Nikilazimishwa kuchagua neno la Kiswahili ningechagua mamba, ingawa najua ninachojitwisha. Papa ziwani kwetu ni neno tu la kitabuni, na papa hatambai sakafuni. Mamba ni kitu kingine. Katika vijiji vya Buchosa na Sengerema wako watu waliopoteza mkono au mtoto kwa mamba wakati wa kuteka maji, na msomaji wa huko akisikia kwamba mke aligeuka mamba hatamwonea huruma mke. Huo ni ugumu wa kweli, na sina dawa yake isipokuwa kuisimulia hadithi polepole, ili msomaji aufikie mlango ule akiwa amekwisha kumpenda mwanamke aliye ndani.

Kuhusu kuchungulia kwenyewe, makala ilisema kwamba mume "aligundua siri". Mama yangu alipokuwa anazalisha alitundika khanga mlangoni, na mwanamume wa nyumba hiyo alikaa nje chini ya mwembe hata kama ni usiku wa manane na mvua. Nilikuwa nikitumwa kupeleka maji ya moto, na nakumbuka baba mmoja aliyesimama mara tatu akiuendea mlango, na mara tatu akarudi akakaa, mikono ikimtetemeka. Hakuna siri iliyokuwa ndani. Kulikuwa na ahadi tu nje. Hoori alisimama mara moja, akaenda.

Toyotama-hime aliona aibu, akamwacha mtoto, akaufunga mpaka kati ya bahari na nchi kavu, akarudi kwao. Makala ikamalizia hapo kwa kusema kwamba "alimtelekeza mwanawe". Hapana, Ndugu Mhariri. Alimtuma mdogo wake wa tumbo moja, Tamayori-hime, aende kumlea. Wajapani walihitaji sentensi nzima kueleza jambo hilo. Sisi tuna maneno mawili: mama mdogo. Ni nani Mwanza asiyelelewa na mama mdogo walau kwa mwaka mmoja? Sitaficha kwamba mtoto huyo alipokua alimwoa mama mdogo huyohuyo, na kwamba Jimmu alizaliwa katika ndoa hiyo. Niliposoma sehemu hiyo mara ya kwanza niliangalia mlangoni kama kuna mtoto anayenisikia. Lakini kulelewa alilelewa.

Na kupitia kwa mdogo wake huyo, Toyotama-hime alimpelekea mumewe shairi, maana hasira haikumzuia kumkumbuka. Anasema kwamba vito vyekundu hung'arisha hata uzi uliovitunga, lakini sura yako iliyo kama kito cheupe ndiyo yenye utukufu. Mume akajibu kwamba, katika kisiwa wanakotua bata wa bahari kuu, alilala na mke wake, na hatamsahau siku zote za maisha yake. Na maisha yenyewe, kwa hesabu ya Kojiki, yalikuwa miaka 580. Makala haikuwa na hata mstari mmoja wa mashairi haya.

Jambo hili halikubaki vitabuni. Katika mji wa Nichinan, mkoa wa Miyazaki, kisiwani Kyushu, kuna hekalu la Udo, lililojengwa ndani ya pango linalotazama bahari, na inasimuliwa kwamba hapo ndipo kibanda kiliposimama. Ndani ya pango kuna miamba miwili inayodondosha maji, nayo huitwa matiti ya Toyotama-hime, aliyoyaacha ili mtoto asikose kunyonya. Watu huenda hapo kuomba uzazi salama na maziwa ya kutosha, na huuzwa peremende zenye jina la matiti hayo. Chini ya hekalu kuna mwamba wenye umbo la kobe wa baharini, na wageni huurushia vidonge vya udongo wa kuchoma, wanaume kwa mkono wa kushoto na wanawake kwa mkono wa kulia, wakilenga kishimo kilicho mgongoni mwake. Mama aliyeacha matiti yake kwenye mwamba hawezi kuitwa mtelekezaji katika gazeti letu bila mtu kusema neno.

Ombi langu ni dogo. Katika toleo lijalo chapisheni jina lake kamili, mnandi arudishwe juu ya paa, na mashairi yale mawili yapewe nafasi hata kama ni chini kabisa ya ukurasa karibu na matangazo ya vifo. Mjukuu wangu ameikata makala yenu na kuibandika kwenye daftari lake, na pembeni ya neno "nguva" ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Nimemwambia asubiri Jumapili kabla hajaifuta.

Wako,
Mwalimu Mstaafu,
Kirumba, Mwanza